SIRI YA SILAHA NA SIRI YA RISITI SI KITU KIMOJA

*Ujumbe wa Katibu wa Tawi kwa wanachama wote*

Ndugu wanachama,

Ujumbe huu ni mrefu kuliko zile jumbe zangu za michango na ratiba za vikao, kwa hiyo naomba radhi mapema kwa wenye bando dogo. Someni kwa awamu. Wenzetu wenye simu za kawaida, majirani wawasomee.

Nianze kwa kukiri kosa. Katika kikao chetu kilichopita, tulipofika kwenye ajenda ya bajeti ya Serikali, kijana wetu mmoja alinyoosha mkono akauliza: "Mbona tunachambua afya, elimu na maji, lakini ulinzi tunauruka?" Ukumbi ukawa kimya. Mjumbe mmoja akasema hayo ni mambo ya jeshi, raia hayamhusu. Mwingine akanong'ona kwamba mtu anaweza kutafutiwa kesi. Mimi ndiye niliyekuwa na ratiba mkononi, nikasema tuendelee na ajenda inayofuata. Kijana akakaa chini.

Tangu siku ile swali lake halijanitoka. Hakuuliza tuna vifaru vingapi wala viko wapi. Aliuliza juu ya fedha zetu na maamuzi yetu. Nilimnyamazisha kwa woga wangu, nikajifanya nafuata muda. Naandika ili nimjibu, na ili kikao kijacho tusirudie. Haya ni maoni yangu. Msimamo wa Tawi mtautoa ninyi kikaoni.

Jibu langu kwa ufupi ni hili: sera ya ulinzi wa nchi haitungwi na majenerali peke yao mbele ya ramani. Inatungwa na mikono mitatu: siasa, mazoea yetu kama watu, na makaratasi ya ofisini. Mikono yote mitatu ni ya kiraia. Kwa hiyo raia anayesema "hayanihusu" ameacha kazi yake ifanywe na wengine, tena gizani.

*MKONO WA KWANZA: SIASA*

Tuanze na jeshi letu lenyewe lilivyozaliwa. Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Walitaka mambo mawili: mishahara iongezwe, na maofisa wa Kiingereza waondoke ili nafasi zao zishikwe na Waafrika. Uasi ukafika hadi Tabora. Aliyekwenda kuzungumza nao ni Oscar Kambona, waziri aliyekuwa na dhamana ya mambo ya nje na ulinzi. Januari 25 makomando wa Uingereza walishuka kutoka manowari ya Centaur na kuuzima. Nchi yenye miaka miwili tu ya uhuru ililazimika kumwita mkoloni aliyeondoka juzi aje kuiokoa dhidi ya askari wake yenyewe. Mwalimu Nyerere hakuficha kwamba hiyo ilikuwa fedheha.

Angeweza kupandisha mishahara na kuendelea na jeshi lile lile. Hakufanya hivyo. Alilivunja. Septemba 1, 1964 likaanzishwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Vijana wapya walichukuliwa kutoka Umoja wa Vijana wa TANU na Jeshi la Kujenga Taifa, na askari wakaruhusiwa, bali wakahimizwa, kuwa wanachama wa TANU. Chama kikaingia makambini. Uamuzi huo hakuufanya mtaalamu wa mizinga. Ulikuwa jibu la kisiasa kwa swali la kisiasa: nani atamwamini mwenye bunduki?

Tuwe wakweli, maana sisi ni wapinzani na mara nyingine tunashindwa kutoa sifa panapostahili. Uamuzi ule ulizaa matunda. Majirani wengi walitawaliwa na sare. Jeshi letu halijawahi kuchukua dola. Watoto wetu wamekua bila kusikia redio ikipiga muziki wa kijeshi asubuhi na sauti ngeni ikitangaza serikali mpya. Hilo si jambo dogo.

Hata mwalimu wa jeshi alichaguliwa na siasa. Ujerumani Magharibi ilikuwa inatusaidia kujenga kikosi cha anga. Mwaka 1965 ikaondoa watu wake kwa sababu ya mvutano juu ya uhusiano wa Zanzibar na Ujerumani Mashariki. Nafasi ikachukuliwa na Kanada, na baadaye China ikawa ndiyo mshirika mkubwa. Ndege gani turushe na nani atufundishe kuzirusha, jibu lilitegemea bendera gani imepandishwa kwenye jengo gani kule Zanzibar.

Lakini kila dawa ina madhara yake. Jeshi lililofungwa kwenye chama kimoja lina shida siku vyama vikiwa vingi. Ndiyo maana mageuzi ya 1992 yaliwataka wanajeshi wachague. Jakaya Kikwete, kwa mfano, alikuwa Luteni Kanali. Alivua gwanda akabaki kwenye siasa. Leo Ibara ya 147 ya Katiba inakataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, ila inamwachia haki ya kupiga kura. Na kwa tafsiri ya ibara hiyo, mwanajeshi ni pamoja na polisi, magereza na JKT. Ibara hiyo inatulinda sisi, inakilinda chama tawala, na zaidi ya wote inamlinda askari mwenyewe.

Swali langu kwa chama tawala ni hili, na naliuliza kwa heshima. Mkuu wa Wilaya ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya. Mkuu huyo huyo anaingia vikao vya chama tawala kwa nafasi yake. Tukiomba kibali cha mkutano wa hadhara na kamati ikasema hali ya usalama hairuhusu, tunajuaje kwamba aliyezungumza ni usalama na si chama? Mwaka 1992 tulimtoa askari kwenye chama. Bado hatujamtoa chamani yule anayekaa kiti cha mbele askari wanapojadili usalama wa wilaya.

*MKONO WA PILI: MAZOEA YETU*

Mkono huu hauandikwi kwenye sheria, ila una nguvu. Ni namna tunavyomwona askari, namna tunavyoona deni letu kwa nchi, na nini tunakiona ni aibu kukisema.

JKT ilianzishwa Julai 1963, kijana wa kujitolea akishika jembe na bunduki. Baadaye Serikali ikataka wasomi nao waende kwa mujibu wa sheria. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti yake, hasa kukatwa sehemu kubwa ya mshahara katika kipindi cha utumishi. Mwalimu alikasirika. Aliwafukuza karibu wanafunzi 400. Lakini siku ile ile alikata mishahara ya viongozi, wa kwake akiukata kwa asilimia 20. Mtu anaweza kubishana na hatua ya kuwafukuza. Mimi nalitazama kama mhasibu: aliyedai wengine watoe alianza kutoa yeye. Hapo ndipo mazoea ya nchi yanapojengwa.

Mujibu wa sheria ulisitishwa 1994, ukarudishwa 2013. Haukusitishwa kwa kuwa maadui wameisha wala haukurudishwa kwa kuwa wameongezeka. Ulikwenda na kurudi kwa sababu ya fedha, na kwa sababu ya hofu ya wazee kwamba vijana wamepoteza uzalendo. Hiyo ndiyo maana ya kusema utamaduni unaunda sera ya ulinzi.

Tazameni pia Vita vya Kagera. Mwongozo wa TANU wa 1971, uliotoka muda mfupi baada ya Idi Amin kuchukua madaraka Uganda, ulisisitiza wananchi wafundishwe mgambo. Wapo waliouona kama mchezo wa kukimbia na fimbo uwanja wa mpira. Oktoba 1978 Amin alivamia, akatangaza kuwa eneo la kaskazini ya mto Kagera ni lake. Mwalimu akasimama akataja mambo matatu tuliyo nayo: uwezo, sababu na nia. Jeshi likapanuka kwa haraka hadi kupita watu 100,000, wakiwemo mgambo, polisi, magereza na JKT. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Wale wa uwanja wa mpira walikuwamo.

Mzee wetu mmoja hapa tawini, mstaafu wa vita hiyo, aliniambia neno nililoliandika kwenye daftari langu: "Katibu, sisi tulipokuwa mbele, nyuma yetu watu walikuwa wanachanga ng'ombe, mahindi na malori. Hatukujiona tunapigania ofisi." Baada ya vita wananchi waliambiwa wafunge mkanda kwa miezi 18. Wenye umri wangu mnajua mkanda ule ulifungwa muda gani. Foleni za sukari na sabuni za miaka ya themanini zilikuwa na sababu nyingi, na gharama ya vita ilikuwa mojawapo. Wananchi walilipa. Mtu aliyelipa ana haki ya kuona risiti.

Sasa kuna upande wa pili wa mazoea haya, na ndio ulionikamata mimi kikaoni. Miaka ile, nchi yetu ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU. Wapigania uhuru walikuwa Kongwa, Nachingwea, Morogoro. Kulikuwa na majasusi wa kweli na mabomu ya kweli. Wazazi wetu walifundishwa kunyamaza, na kunyamaza kuliokoa maisha. Makaburu wameondoka, wareno wameondoka, kunyamaza kumebaki. Desturi iliyotungwa kumficha mpigania uhuru leo inamfaa pia mtu anayetaka kuficha bei.

*MKONO WA TATU: MAKARATASI*

Hapa niruhusuni nikae kidogo, maana ndipo fani yangu ilipo. Diploma yangu ni ya uhasibu. Sijui kufungua bunduki, ila najua kufungua leja.

Chukueni habari ya rada. Novemba 2001 Tanzania ilifikia hatua ya kupunguziwa madeni yake chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa. Mwezi uliofuata Serikali ya Uingereza ilitoa kibali tuuziwe rada na kampuni ya BAE Systems kwa pauni milioni 28. Benki ya Dunia ilisema ni ghali mno. Waziri wa maendeleo ya kimataifa wa Uingereza mwenyewe, Clare Short, aliipinga hadharani. Waziri Mkuu wake, Tony Blair, akaipitisha. Huku kwetu aliyehoji aliambiwa hilo ni suala la usalama wa anga na ulinzi, asiingilie.

Miaka ikapita. Wapelelezi wa Uingereza wakafuatilia, ikaonekana kwamba zaidi ya dola milioni 12 zililipwa kwa kampuni za wakala. Hiyo ni karibu theluthi ya bei. Mwaka 2010 kampuni ilikiri kosa mbele ya mahakama London. Kosa gani? Si kuhatarisha usalama wa Tanzania. Ni kushindwa kutunza kumbukumbu sahihi za hesabu. Malipo yale yaliandikwa vitabuni kama huduma za kiufundi.

Ndugu zangu, someni tena hapo. Jambo kubwa kabisa la ununuzi wa ulinzi katika kizazi chetu lilinaswa na kosa ambalo mwanafunzi wa uhasibu wa mwaka wa kwanza analifahamu: umeandika matumizi kwenye kifungu kisicho chake. Mahakama iliitoza kampuni faini ya pauni 500,000, na kampuni ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Fedha hizo zilinunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Linganisheni wenyewe: kilichorudi ni kikubwa kuliko bei ya rada. Na hakikurudi kwa sababu sisi tulikagua. Kilirudi kwa sababu mtu wa nchi nyingine alifungua daftari la kampuni ya nchi yake. Hapa nyumbani hakuna aliyetiwa hatiani.

Katika sakata lile lote, siri gani ya kijeshi ingevuja kama Bunge lingeuliza mapema: bei ni kiasi gani, wakala analipwa nini, na kwa kazi gani? Adui gani angefaidika kujua kamisheni ya dalali? Aliyefaidika na ukimya alikuwa dalali.

Makaratasi hayaibi fedha tu, yanaua pia. Aprili 29, 2009 ghala la mabomu la jeshi lililipuka Mbagala. Februari 16, 2011, karibu miezi 22 baadaye, likalipuka la Gongo la Mboto. Katika kila tukio walikufa watu zaidi ya 20, nyumba zikabomoka, watoto wakapotezana na wazazi wao. Hakukuwa na adui. Kulikuwa na mabomu ya zamani, maghala yaliyojengwa wakati eneo ni pori, na mji uliokua ukayazunguka. Mahali fulani katika miaka yote ile mpango wa kuhamisha ghala, ramani ya mipango miji na ombi la fedha vilipaswa kukutana juu ya meza moja. Havikukutana kwa wakati. Katika wizara yoyote, jalada lililolala haliwi habari ya gazeti mpaka siku linapolipuka.

Na liko la vijana wetu. Kila mwaka vijana wa kata hii wanajiunga na JKT kwa kujitolea. Matangazo ya JKT husema wazi kwamba mafunzo si ahadi ya ajira. Lakini majukwaani wanasiasa husema vingine. Mwaka 2021 vijana zaidi ya 800 waliondolewa JKT kwa kuandamana wakidai ajira walizoahidiwa baada ya kushiriki kazi za ujenzi. Nidhamu ya jeshi naielewa: mwenye sare haandamani. Ninachouliza ni hiki: siku ahadi ile inatolewa, nani alikagua kama ikama na bajeti vinaibeba? Ahadi isiyo na kasma ni hundi isiyo na fedha. Aliyeadhibiwa ni aliyeipeleka benki, siyo aliyeiandika.

*WATAKAOSEMA TUNACHOCHEA*

Najua tutakayoambiwa. Nayajibu mapema.

Wa kwanza watasema: mkijadili ulinzi mnamsaidia adui. Nakubali kwamba zipo siri halali. Idadi ya silaha, mahali zilipo, mipango ya mapigano, majina ya walio kwenye operesheni: hizo tusiziulize, na mwanachama atakayezisambaza kwenye kundi letu nitamtoa siku hiyo hiyo. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 ipo na si ya kuchezea. Lakini siri ya silaha na siri ya risiti si kitu kimoja. Hotuba ya bajeti ya Wizara ya Ulinzi na JKT husomwa Bungeni wazi, mbele ya kamera. Ina mafungu matatu: 38 la Ngome, 39 la JKT na 57 la Wizara. Kwa mwaka 2024/25 yote kwa pamoja yalizidi shilingi trilioni 3. Kama waziri ameyasoma kwa kipaza sauti, mwanachama wa tawi hawezi kuwa msaliti kwa kuyarudia.

Wa pili watasema: Bunge lina Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, yaachieni huko. Kamati ni jambo jema. Ila wajumbe wa kamati ni wabunge, na mbunge huogopa swali ambalo mpiga kura wake analifuatilia. Tusipouliza huku chini, yeye auze ugomvi wa kazi gani huko juu?

Wa tatu ni baadhi yetu wenyewe, wanaosema: jeshi ni lao, si letu. Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Julai 2013 askari wetu saba waliuawa Darfur wakiwa wamevaa kofia za bluu za Umoja wa Mataifa. Desemba 2017 wengine wakauawa mashariki ya Kongo. Wale walikuwa watoto wa mitaa kama hii. Ibara ya 28 ya Katiba inasema kila raia ana wajibu wa kuilinda nchi. Haikusema kila mwanachama wa chama fulani. Na Ibara ya 44 inasema hata Rais akitangaza vita, jambo lenyewe linapelekwa Bungeni kwa Spika kuitisha mkutano ndani ya siku 14. Ikiwa vita yenyewe, ambayo ni jambo la dharura kuliko yote, Katiba imeipeleka kwa wawakilishi wa raia, kwa nini bei ya buti na mafuta ya malori iogopwe?

Kumheshimu askari ni kuhakikisha kwamba shilingi iliyopitishwa kwa jina lake imemfikia kama mshahara, nyumba, dawa na kifaa kinachofanya kazi. Anayetetea ukimya hamtetei askari.

*NINACHOPENDEKEZA KWA TAWI*

1. Kikao kijacho kiwe na ajenda ya bajeti ya ulinzi, na kijana wetu aliyeuliza ndiye aifungue. Nitachapisha kurasa za muhtasari wa hotuba ya waziri kwa fedha yangu, nakala kumi, tupeane zamu kusoma. Nitaeleza tofauti ya fedha za matumizi ya kawaida na za maendeleo.

2. Tumwandikie mbunge wetu barua yenye maswali matatu tu, yote ya risiti. Kwanza, katika fedha zilizoidhinishwa mwaka uliopita kwa kila fungu, ngapi zilitolewa kweli na Hazina? Pili, wananchi ambao ardhi yao imechukuliwa kwa ajili ya kambi wanadai fidia kiasi gani na italipwa lini? Tatu, maghala ya mabomu yaliyo karibu na makazi yana mpango gani wa kuhamishwa? Hatutaki kutajiwa mahali. Tunataka kujua kama mpango upo na kama umewekewa fedha.

3. Tuwe na orodha ya vijana wa eneo letu waliorudi kutoka JKT, wa vyama vyote na wasio na chama. Wana stadi za ujenzi, ufundi na kilimo. Tusisubiri Serikali peke yake. Tuwaunganishe na mafundi na vikundi vya mikopo vya halmashauri.

4. Tuweke mwiko. Kwenye kundi hili hakuna picha za kambi, misafara wala majina ya askari. Hakuna kumtukana mwenye sare. Hakuna kumwita askari aliye kazini aje kwenye vikao vyetu. Tukimwalika tunamvunjisha Katiba na kumharibia kazi. Wastaafu wanakaribishwa, na mzee wetu wa Kagera nimemwomba akae meza ya mbele.

Mtu anaweza kusema tawi dogo kama letu haliwezi kubadili sera ya ulinzi ya Taifa. Peke yake haliwezi. Lakini sera hiyo imejengwa na vitu vilivyo ndani ya uwezo wetu: nani tunamchagua, nini tunakubali kukinyamazia, na karatasi gani tunadai kuiona. Nchi ilijenga jeshi jipya mwaka 1964 kwa sababu viongozi walikubali kuitazama fedheha machoni. Ilishinda 1979 kwa sababu wananchi waliona vita ni vyao. Ikaibiwa kwenye rada kwa sababu tuliambiwa hayatuhusu, tukakubali.

Kwa kijana wetu: nakuomba radhi mbele ya wanachama wote. Swali lako lilikuwa halali, na ratiba ilikuwa na nafasi. Njoo nalo tena.

Kikao ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, pale pale pa kawaida. Asiyekubaliana na maoni haya aje ayapinge. Ndiyo kazi ya kikao. Mwenye nyongeza aniandikie pembeni, tusijaze kundi.

Wenu katika ujenzi wa Chama na Taifa,

*Katibu wa Tawi*